Mbona hakuna tajiri anayeweka taa za baharini kisha atutoze?

mtoto_wa_langoni
Salaam aleikum nyote. Nasoma biashara chuoni, nimerudi Lamu likizo, na kuna somo mwalimu wetu alitufundisha limenikwama manake nikilinganisha na huku nyumbani naona haliingii akilini. Alisema kuna vitu soko haliwezi kuleta hata kama watu wote wanavitaka na pesa wanazo, sharti serikali. Akataja taa za baharini, ulinzi wa nchi, hewa safi na kadhalika, tukaandika kwa daftari tukaendelea na mengine.

Sa njooni kwetu. Njia ya maji ya kuelekea upande wa Matondoni kuna fungu la mchanga, maji yakipwa usiku ukilikosea hesabu umelala hapo hapo mpaka yajae. Kila mwenye boti analalamika. Likazuka wazo kwa grupu la WhatsApp tuchange tusimamishe miti ya alama yenye taa za sola, fundi yupo, bei tukapewa na wala haikuwa ya kutisha. Watu wakamimina vidole gumba, mashallah wazo zuri, Allah awabariki, ilipowekwa namba ya M-Pesa grupu likanyamaza. Wachache wakatuma, wengine wakasema wao njia ile wanaijua hata wakifumba macho (na ndo hao hao wanaokwama), mwisho pesa zikarudishiwa wenyewe.

Swali langu: hawa watu wananunua injini ya laki kadhaa, petroli kila siku, simu kubwa kubwa. Kwa nini hiki hawanunui? Na kwa nini asitokee mfanyabiashara mmoja akaweka taa akatutoza kama anavyotutoza muuza barafu ya samaki? Msinipe jibu la "serikali ilete", hilo nshalisikia.

pweza_kavu
Jibu fupi: ubahili. Watu wa huko mtu atalisha mtaa mzima harusini lakini mia tano ya mchango hana.

mtoto_wa_langoni
Bahili gani sasa huyo anayelisha mtaa mzima 😂

ticha_wa_hesabu
Kijana umemjibu vizuri. Tuache kwanza tabia za watu, tuitazame hiyo taa yenyewe ilivyo.

Barafu ya samaki, mwenyewe akikunyima umekosa, na gunia ukilichukua wewe mimi silipati tena. Kwahivyo ana kitu cha kuuza. Taa je? Ikishawaka inamwakia aliyetuma pesa na asiyetuma, huwezi kumwambia nahodha wa boti fulani wewe usiione. Hilo moja. La pili watu hulisahau sana: boti yako ikipita ikaifuata taa, boti inayokuja nyuma haipunguziwi mwanga hata chembe. Kitu chenye sifa zote mbili, yaani mtu hazuiliki kukitumia na kukitumia hakukipunguzi, ndicho wachumi wanakiita bidhaa ya umma. Si kwamba ni cha serikali eti. Umeme wa tokeni unauziwa na kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi lakini yuniti zikiisha unakaa giza, hiyo si bidhaa ya umma hata kidogo.

Haya weka namba, nazitunga tu tuone. Boti 60, kila moja taa inaiokolea shilingi 4,000 kwa mwaka, mafuta yaliyopotea, propela iliyovunjika, samaki walioharibika juani. Jumla 240,000. Taa na matengenezo yake tuseme 90,000 kwa mwaka. Mradi una faida hauna ubishi, kila mmoja akitoa 1,500 anabaki juu 2,500. Lakini wewe mwenye boti yako moja hupigi hesabu hivo. Wewe unasema wenzangu 59 wakitoa taa itasimama tu (ikipungua elfu moja na mia tano watajazia), nitaipata bwerere. Na wasipotoa, hela yangu peke yake haiwashi kitu, ni kuitupa baharini. Ukienda huku ukienda kule jibu ni moja, usitume. Na kila mmoja wa wale 60 ana akili kama yako. Mnaishia bila taa na hakuna hata mmoja wenu aliyefanya ujinga. Ingekuwa ubahili tungewahubiria Ijumaa wakaacha.

Na hili halikuanza jana. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliandika kwamba majirani wawili watakubaliana kuyakausha maji kwenye uwanda wao, sababu kila mmoja anaona wazi kwamba akitega kazi haifanyiki, lakini watu elfu moja hawatakubaliana abadan, kila mtu atatafuta kisingizio awaachie wenzake mzigo. Halafu 1954 Paul Samuelson, mchumi wa Marekani, akaliweka kwa hesabu, makala ya kurasa chache tu, na humo kuna jambo ambalo wewe umeshaliona kwa macho yako bila kujua. Hata kuwauliza watu "taa hii kwako ina thamani gani" hakusaidii. Ukimwambia mtu atalipa kulingana na jibu lake, atasema haina maana kwake, njia anaijua kafumba macho. Ukimwambia halipi kitu, atasema wekeni na nyingine kule mbele.

mtoto_wa_langoni
Ahaa!! Kumbe wale walikuwa wananificha bei tu. Na mimi nilikuwa nawaamini kabisa nikaanza kufikiri labda taa haihitajiki.

nahodha_wa_zamani
Mwanangu, mimi nimesafiri na jahazi za tanga kabla hamuyaota hizo injini. Hesabu ya mwalimu naikubali, lakini mwazungumza kana kwamba mui huu haujapata kuwa na kitu cha watu wote. Visima, birika za misikitini, taa za mafuta, aliziweka nani? Soko? Serikali? Mtu alikuwa na shamba la minazi analiweka wakf, nazi ziuzwe, pesa zende kwenye mafuta ya taa na kamba ya kisima, yeye yuwafa na taa yawaka. Hakumngoja mtu achange.

Na miti ya alama kwenye mafungu tulikuwa tukisimamisha wenyewe, boriti tukikata mikokoni, mai yakipwa twashuka twachimba twasimamisha. Hakuna aliyetuma M-Pesa. Lakini tulikuwa wachache tukiyuana, usipokuya siku hiyo utasemwa barazani mpaka mkeo aipate habari kabla hujafika nyumbani. Sasa ndia ile yapita boti ambazo hata mwenyewe simyui, mwenyewe yuko Mombasa kamkodisha mtu. Huyo utamsema baraza gani?

ticha_wa_hesabu
Ami nahodha umenirahisishia kazi. Hiyo ya kujuana ndio ile ya majirani wawili wa Hume, na Mancur Olson, mchumi wa Marekani, aliiandikia kitabu kizima 1965: kundi dogo hujiendesha, kundi kubwa halijiendeshi mpaka kuwe na kulazimisha au kuwe na kitu pembeni ambacho anakipata aliyechanga peke yake. Akasema pia mara nyingine mkubwa mmoja huweka kitu peke yake na wadogo wakala mgongoni mwake. Kwa zile namba zangu angekuwapo mtu mwenye boti 25 pale, faida yake peke yake ni laki moja, inapita gharama, angeweka taa bila kuuliza mtu na nyie wengine mngepita tu.

Na wakf naona inaingia hapo hapo kwa Olson kwenye hicho kitu cha pembeni, ingawa yeye hakuwa akifikiria misikiti. Mwanga wa ile taa ni wa wote lakini thawabu ni za aliyetoa, hakuna anayeweza kuzidandia. Ndo maana sadaka ya kuendelea imejenga visima vingi kuliko mchango wa grupu. Shida yake ni kwamba mtoaji anaweka anachokipenda yeye. Misikiti itapata zulia la tatu na fungu la mchanga halitapata hata kibatari.

bwana_soko
Samahani mwalimu ila naona unatusomea kitabu cha zamani. Huo mfano wa taa za baharini ulishavunjwa. Ronald Coase, mchumi Mwingereza, alikwenda kuchimbua historia ya taa za Uingereza akaichapisha 1974. Kwa miaka mingi sana taa kibao za kule zilijengwa na kuendeshwa na watu binafsi kwa faida yao, na ushuru ulikusanywa na mawakala bandarini kwa ukubwa wa meli. Na ilikuwa biashara nono! Bunge lilipoamua 1836 taa zote ziwe chini ya Trinity House, shirika la taa za baharini la kule, wenye taa walifidiwa, ile ya Skerries pale Wales ilinunuliwa 1841 kwa zaidi ya paundi 440,000, pesa za enzi hizo. Hulipwi hivo kwa kitu ambacho "soko haliwezi". Kwahivyo kijana swali lako la tajiri mmoja kuweka taa akatoza ni swali halali kabisa, lilishafanyika.

ticha_wa_hesabu
Zote ni kweli, ila umeruka sehemu moja, yule mwenye taa alikuwa ameshika nini mkononi. Alikuwa na hati ya mfalme. Hati ilimpa yeye peke yake haki ya kutoza, ikamwekea kiwango, na meli ikiingia bandarini ilikuwa lazima ilipe. David Van Zandt, msomi wa sheria wa Marekani, alizirudia habari hizo 1993 akaonyesha mkono wa dola ulikuwamo muda wote. Mwenyewe Coase hakusema serikali haikuwemo, alisema kazi yake ilikuwa kuweka haki na kuilinda. Sasa ukimtoa mfalme, yule tajiri kabaki kwenye mwamba na taa yake anapungia meli mkono.

Lakini kuna la kuchukua kwa Coase na watu hulipita mbio wakigombania nani alishinda. Taa haizuiliki, bandari inazuilika. Wale hawakuuza mwanga, hakuna aliyewahi kuuza mwanga, waliufunga pamoja na kitu ambacho meli haiwezi kukikwepa.

bi_sabaki
Hodi hodi kutoka Malindi. Huku kwetu ni mbu. Hoteli inafukiza ndani ya ukuta wake, inaweka neti, inakata nyasi, na mbu anazaliwa nyumba ya tatu kwenye bwawa la kuogelea la mtu ambaye yuko Ulaya, nyumba imefungwa, maji yamekuwa ya kijani. Haya mabwawa yasiyotumika huku ni jambo linalojulikana, hata watafiti wa mbu wameyaandika. Hoteli itamlipa nani? Na ikilisafisha lile bwawa kwa pesa yake, hoteli ya jirani nayo imepata usingizi mwema bure, kwahivyo kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Ilipofanyika ikafanikiwa ni pale vikundi vya mitaa vilipotembea nyumba kwa nyumba na watafiti na wafadhili wakiwa nyuma yao, wala si kampuni kuona faida.

Na kingine nimekifikiria nikisoma hapa. Marine Park yetu ilitengwa 1968, mgeni analipa tiketi ya KWS, shirika la wanyamapori, ndo aende kutazama matumbawe, sawa, huyo anazuilika. Lakini samaki wakizaliana mle ndani hawajui mpaka, wanatoka wanamfuata mvuvi wa nje, na yule hajalipa tiketi wala hatalipa. Kwahivyo kitu kimoja upande mmoja kinauzika upande wa pili hakiuziki. Sijui vitabu vinaiitaje hiyo.

Usiniulize habari za mto sasa. Sabaki ikifurika bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa, udongo wote umetoka huko juu bara, na mkulima aliyeuachia hatumiwi bili na mtu wa Malindi.

mtoto_wa_langoni
Dada hapo kwa mabwawa nimecheka ila si kuchekesha. Mwalimu, na maji ya chini ya milima ya mchanga ya Shela je? Mji mzima wa Lamu unayategemea na huwezi kumzuia mtu kuchimba kisima kwake. Ni bidhaa ya umma nayo?

ticha_wa_hesabu
Nusu. Kuzuia ni vigumu kama taa lakini yanapungua, ndoo uliyovuta wewe siivuti mimi, na mkizidisha chumvi ya bahari inaingia chini kwa chini ikawaharibia wote. Ugonjwa wake ni mwingine. Taa shida ni kwamba haiwekwi, maji shida ni kwamba yanamalizwa. Samaki hivo hivo. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani, alipata Nobel ya uchumi 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuonyesha kwamba watu wenyewe huweza kuvilinda vitu vya aina hii bila kuuza kila kipande na bila polisi kila kona, lakini si kwa maneno matamu: wanajua nani ni mwenzao na nani mgeni, wanachungana, na adhabu inaanza ndogo inapanda. Ile baraza ya ami nahodha inafanana na hiyo.

pweza_kavu
Mbona mnazunguka, serikali ina kazi gani? Kodi tunalipa.

nahodha_wa_zamani
Serikali italeta taa siku ya mgeni rasmi, wataiweka mbele ya gati ambapo tayari kuna taa, wapigwe picha.

ticha_wa_hesabu
😂 Ami. Lakini pweza hajakosea kuuliza. Dawa ya kitabuni ndio hiyo hiyo, kodi ni mchango usio na "nimejifunga macho njia naijua". Tatizo ni mbili. Ya kwanza, serikali nayo haijui taa ina thamani gani kwa nani, ile siri mliyomficha mtoto wa Langoni mtaificha na serikali, tena huko mtaizidisha kwa sababu hamlipi moja kwa moja. Ya pili, isome Katiba ya 2010 Jedwali la Nne. Taa za barabarani ni za kaunti, feri na bandari za huku ni za kaunti, lakini uongozaji wa vyombo baharini uko orodha ya serikali kuu. Mti wenye taa juu ya fungu la mchanga kwenye mkondo mdogo unaopita boti za wavuvi, huo ni wa nani? Nenda ofisi moja uone kama hutaelekezwa ya pili.

bwana_soko
Basi turudi kwa kile cha Coase mwalimu alichokikubali. Tafuteni kitu ambacho hizo boti hazikwepi. Gati ya Lamu na ya Mokowe, kila anayefunga kamba alipe kidogo ya taa.

nahodha_wa_zamani
Boti za abiria hizo zafunga gatini. Mvuvi hafungi gatini, yuwashukia popote pwani. Na mwenye kukwama sana usiku ni mvuvi.

bi_sabaki
Petroli je? Injini zote hizo zinakunywa petroli. Ongezeni shilingi moja kwa kila lita kwa muuzaji, hakuna wa kutuma M-Pesa wala wa kujificha, na anayepita sana ndo anayenunua sana ndo anayelipa sana. Mwenye tanga atapata bure na mumuache, ndo huyo huyo asiye na pesa.

mtoto_wa_langoni
Dada wewe ungekuwa grupu letu!! Hii mbona haikutokea kichwani kwa mtu.

ticha_wa_hesabu
Nimeipenda. Ila chunga, ni lazima wauzaji wote waongeze siku moja. Mmoja akibaki na bei ya zamani boti zote zitahamia kwake kabla ya adhuhuri, na waliokubali ndo watakaoumia. Umelihamisha tatizo kutoka kwa watu 60 ukalipeleka kwa watu watatu wanne, ambayo ni hatua kubwa sana, watatu wanakaa meza moja wakaangaliana usoni. Lakini halijaisha.

bi_sabaki
Na nani atapanda kufuta mavi ya ndege kwenye sola? Huku tuliwahi kuwekewa taa za sola barabarani, hazikufika mbali, si kwa wizi, ni vumbi na kutotazamwa.

nahodha_wa_zamani
Huyo mpeni ujira katika hizo shilingi, msimwambie ayitolee. Wa kuyitolea atapanda mwezi wa kwanza. Na mti usiwe wa boriti mbichi, tafuteni uliokauka mukautie mafuta ya sifa kwanza, la sivyo funza wa bahari wataula na taa yenu itaanguka kabla sola haiyachafuka.

mtoto_wa_langoni
Nimewaandikia wauza petroli wote leo asubuhi, nikawapigia na hesabu ya lita. Mmoja tu kajibu mpaka sasa. Anauliza wenzake wamesemaje.